Kilifi ni kubwa kuliko Gambia, mbona twaijua kama mtaa?

Nikiweka video kuhusu Moroko, simu hainyamazi. Treni ya kasi, bandari ya Tanger Med, milima ya Atlas, jangwa, mfalme, viwanja vya mpira. Watu wanataka kujua kila kitu na wanabishana mpaka usiku wa manane. Nikiweka video kuhusu Magarini napata maoni kumi na moja, na matatu kati ya hayo ni ya binamu zangu.

Moroko sina neno nayo. Ninachouliza ni hiki: kwa nini sisi vijana wa Malindi na Kilifi tunaweza kuichambua nchi ya watu, jiografia yake, uchumi wake, barabara zake na serikali yake, lakini kaunti yetu tunaijua kwa bichi, raha za Mtwapa na nani kamtusi nani kwenye mkutano wa siasa? Leo nataka tuisome Kilifi vile tunavyosoma nchi. Sio kwa kujisifu. Kuna pesa na maji ndani yake.

Tuanze na ramani. Kilifi ina ukubwa wa kilomita mraba kama 12,500. Gambia, nchi kamili yenye rais, jeshi na timu ya taifa, haifiki hapo. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 1,453,787. Morisi, kile kisiwa tunachokiona kwenye matangazo ya fungate, hakijafika watu milioni 1.3. Kwa hivyo ukimsikia mtu anasema Kilifi ni mahali padogo, muulize amepalinganisha na wapi.

Ndani ya ramani hiyo kuna hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyoanza 1968 ikiwa miongoni mwa za kwanza Afrika. Kuna Arabuko-Sokoke, msitu mkubwa zaidi wa aina yake uliobaki pwani ya Afrika Mashariki. Kuna Kaya za Mijikenda zilizoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia 2008, na Gedi ikafuata 2024. Halafu kuna ile Kilifi isiyoingia kwenye picha: Ganze, Bamba, Vitengeni, Marafa, Adu. Wengi wetu wa mjini tumefika Nairobi mara nyingi kuliko tulivyofika huko.

Na jiografia sio somo la mtihani tu. Mwaka 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, ndani ya kaunti hii hii. Mengi yamesemwa kuhusu jambo lile, ya dini na ya polisi. Mimi naongeza moja: palikuwa mbali. Mbali na lami, mbali na macho yetu sisi tunaojiita watu wa Malindi. Mahali ambapo hakuna anayepajali panaweza kuficha chochote.

Sasa tuje kwa mto. Unaanzia juu kule upande wa Nairobi ukiitwa Athi, unapita Tsavo ukiitwa Galana, ukifika kwetu ni Sabaki, unaingia baharini kaskazini mwa mji wa Malindi. Ndio maana mvua zikinyesha, bahari yetu hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ule ni udongo uliosombwa njia nzima kutoka bara. Pale Baricho, kando ya mto huo, kuna visima vinavyopeleka maji Malindi, Watamu, Kilifi, Mtwapa mpaka Mombasa. Yaani kaunti yetu inaunywesha mji wa pili kwa ukubwa nchini.

Lakini kiangazi kikikaza, habari ya Ganze na vijiji vya Magarini ni ile ile: akina mama na mitungi, ng'ombe na binadamu kwenye kidimbwi kimoja. Kisha mvua ikija inakuja na hasira, kama ile ya El Nino mwishoni mwa 2023, Sabaki unafurika na watu walewale wanahama. Mtu anakaa karibu na mto, analala na kiu Agosti, na Novemba maji yanambebea nyumba. Tukiambiwa hiyo ni mipango ya Mungu, tunanyamaza. Ila bomba halijipitishi lenyewe. Kuna mtu alikaa na ramani akachora lipite wapi na lisipite wapi.

Uchumi nao. Mtu wa nje akisikia Malindi anawaza Wataliano, na hakosei. Mji wetu unaitwa Italia ndogo, na kuna mabichiboi wanaoongea Kitaliano bila kukanyaga Roma. Lakini kila mwaka kati ya Aprili na Juni, mvua na kusi zikiingia, wageni hupungua, hoteli kadhaa hufunga milango na vijana hurudishwa nyumbani kusubiri. Kama riziki yako inalala miezi mitatu kwa mwaka, lazima uulize ni nini kingine kipo.

Na vipo. Chumvi nyingi ya Kenya hutoka Gongoni, Marereni na Ngomeni. Ile unayonyunyiza kwenye viazi karai huenda imetoka jirani hapo. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilifanya uchunguzi wa wazi kuhusu mashamba hayo ya chumvi, ripoti yake ikatoka 2006, na kelele za ardhi hazijanyamaza. Vipingo kuna mkonge na saruji. Mariakani kuna viwanda, na reli ya SGR inapita. Rabai na Kaloleni kuna minazi. Maembe ya Malindi na Magarini msimu ukifika yanaoza chini ya miti, halafu dukani tunanunua juisi ya pakiti iliyotoka kwengine. Korosho tulikuwa na kiwanda chake Kilifi mjini, kilichojengwa miaka ya 1970 na kikafa miaka ya 1990. Mikorosho haikufa. Inazaa, na korosho zinaondoka zikiwa ghafi.

Hata akili tunayo. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kimekuwa Kilifi tangu 1989, na chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itumiwe 2021, ilijaribiwa sehemu kadhaa za Afrika, Kilifi ikiwemo. Watoto wa hapa walisaidia kuipa dunia chanjo. Na tarehe 12 Desemba 1970 roketi ilirushwa kutoka jukwaa la Wataliano lililo baharini hapo Ngomeni, ikabeba satelaiti ya Wamarekani iliyopewa jina la Uhuru kwa sababu ilikuwa sikukuu yetu. Ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani. Nenda Ngomeni leo umuulize mvuvi ile safari ya angani ilimwachia nini.

Hapo ndipo Moroko inaponisaidia. Kwa orodha ya vitu, nchi ile imetushinda mbali. Treni ya kasi inakimbia tangu 2018, na viwanja vinajengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2030. Lakini Septemba 2025 vijana wa huko walijaa barabarani. Walijiita GenZ 212, hiyo 212 ni nambari ya simu ya nchi yao, kama 254 yetu. Hasira iliwaka zaidi baada ya vifo vya akina mama waliokwenda kujifungua katika hospitali ya umma mjini Agadir. Wakauliza: viwanja hivi hapa tunaviona, hospitali ziko wapi?

Kwa hivyo kuwa na vitu hakujibu swali. Swali ni vitu hivyo vinamfikia nani. Kilifi ina mto, ina chumvi, ina bahari, ina kituo cha utafiti cha kimataifa, ina daraja zuri pale Kilifi mjini lililofunguliwa 1991, na kabla yake watu walisubiri feri. Ina uwanja wa ndege Malindi, ila njia yake ni fupi, ndege kubwa za Ulaya hutua Mombasa na wageni huletwa kwa barabara. Kupanuliwa kwake kumeahidiwa na wanasiasa wa rangi zote. Vitu tunavyo. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza kwa sauti, tena kwa wakati unaofaa.

Serikali ya kuulizwa nayo ipo. Tangu 2013 tumekuwa na kaunti yenye maeneo bunge 7 na wadi 35. Tumepata magavana wawili, Amason Kingi kisha Gideon Mung'aro. Mwaka wa fedha wa 2021/22 mgao wetu kutoka serikali kuu ulikuwa Sh11.6 bilioni, moja ya migao mikubwa miongoni mwa kaunti zote 47. Sheria ya fedha za umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti ya kila kaunti, inaonyesha kilichotengwa, kilichotumika, mishahara imekula ngapi na safari zimekula ngapi. Iko kwenye intaneti. Haihitaji kumjua mtu.

Sasa niambie. Juni 2024 tuliusoma Mswada wa Fedha mstari kwa mstari. Vijana waliutafsiri kwa lugha za nyumbani, wakatengeneza video, wakaueleza kwa nyanya zao. Rais akakataa kuutia saini. Tulionyesha kwamba kusoma tunajua. Bajeti ya Kilifi nani ameisoma? Ile inayoamua kama zahanati ya kijijini kwenu itakuwa na dawa, kama chekechea ya mdogo wako itakuwa na choo, kama bomba litafika Ganze?

Najua jibu, nimelisikia mara nyingi. Ati ushirikishwaji wa umma ni maigizo. Mkutano unaitwa siku ya kazi asubuhi, tangazo halionekani, wanaokuja ni walewale, wanapewa soda na nauli, wanapiga makofi, kwisha. Sitabisha sana, kwa sababu mikutano mingine iko hivyo hivyo. Lakini ukisusia maigizo, jukwaa linabaki la waigizaji peke yao, na sahihi zao ndizo zitakazoandikwa kwamba umma ulikubali.

Tena tuna mfano hapa hapa. Uyombo, kule Matsangoni, serikali ya kitaifa ilitaka kujenga kinu cha nyuklia. Mimi siandiki kukutaka uwe upande wa nyuklia au dhidi yake. Wavuvi wa Uyombo waliuliza maswali ya jiografia: maji ya moto yataenda wapi, samaki wa mkondo wa Mida watakuwaje, msitu je, na sisi tutahamia wapi? Hawakungoja kualikwa kwenye hoteli. Waliuliza ufuoni, waliuliza mahakamani, waliandamana, na Mei 2024 wengine waliumizwa na polisi. Mwaka uliofuata macho ya mradi yakageukia Siaya. Watu wa kijiji ambacho wengi wetu tulikuwa hatujui kiko wapi waliijua ardhi yao kuliko waliokuja na michoro.

Ndio maana nasema kuijua Kilifi kuna faida. Mtu anayejua maji ya Baricho yanaenda wapi hawezi kudanganywa ati Ganze hakuna maji kwa sababu hakuna mvua. Mtu anayejua kiwanda cha korosho kiliwahi kuwepo hataambiwa viwanda haviwezekani Pwani. Asiyejua atapewa tisheti, atapewa mia mbili, atashangilia gari likipita.

Na kuna saa yake. Kisheria makadirio ya bajeti ya kaunti yanatakiwa kufika kwenye bunge la kaunti kabla ya Aprili 30, na yapitishwe kabla ya Juni 30. Katikati hapo ni miezi miwili. Ni ile ile miezi ambayo msimu umelala, hoteli zimefunga na vijana wengi wako maskani na simu mkononi. Katiba, kifungu cha 35, inakupa haki ya kuomba habari inayoshikiliwa na serikali, na kuna sheria ya 2016 inayoeleza namna ya kuiomba. Barua moja. Ukijibiwa, tunaisoma pamoja hapa. Usipojibiwa, hilo nalo ni jibu, na tutaliweka hapa pia.

Basi leo sitaki uniambie video ilikuwa kali. Niandikie hapo chini jina la wadi yako na kitu kimoja kilichoahidiwa huko ambacho hujakiona kwa macho. Zipo 35. Nataka tuzijaze zote kabla ya Aprili.