JINA LA ALLAH KWENYE MADIGADI



Ndugu yangu dereva wa bodaboda wa Kagerankanda, leo naongea na wewe. Najua utanuna.

Umemlipa fundi wa rangi akuandikie "Maashallah" kwenye madigadi ya nyuma, pembeni yake msanii kavua shati. Umependeza. Sasa masika haya, ukitoka Kasulu mjini, tope linarukia wapi? Juu ya jina la Mola wako! Ukifika nyumbani unaegemeza mguu hapo hapo ukiosha tairi.

Usiniambie "sheikh anapinga sanaa". Chora mlima, chora mto, andika jina la mama yako. Kenya walizuia michoro ya matatu kwa kanuni za Michuki mwaka 2004, miaka kumi baadaye ikarudi barabarani. Mimi simwiti polisi. Na fundi simlaumu, anaandika anacholipwa. (Singeli inayotoka kwenye spika yako ina darsa lake, subiri.)

Nakulaumu wewe, na nafsi yangu pia, maana nimepanda pikipiki hizo nikanyamaza. Wengine mnasema ni kinga ya ajali. Kinga gani? Unapakia mishkaki, kofia hukuvaa, halafu maandishi yakulinde? Dua ya kupanda chombo isome kwa ulimi wako. Na Suratul Hajj aya ya 32, tafuta tafsiri yake uisome mwenyewe.

Ijumaa baada ya swala nitakuwa nje ya msikiti na petroli na kitambaa. Anayetaka kufuta, aje. Watano wa kwanza, fundi wa kuwachorea kitu kingine nitamlipa mimi.