Daktari Bingwa, Usiuze Gari Kabla Hujausoma Mkataba



Mwezi uliopita daktari bingwa wa upasuaji kutoka hospitali moja ya mkoa huko nyumbani alinipigia simu usiku. Tulisoma chuo kimoja, yeye udaktari, mimi uuguzi. "Dada, nimepata kazi Doha. Wakala anataka dola 1,500 za makaratasi, naona bora niuze gari." Nikamwambia, kaka, gari lisimame kwanza, nisomee mkataba. Hakuwa nao. Alichokuwa nacho ni ujumbe wa WhatsApp, tarakimu ya mshahara na picha ya jengo refu.

Msinione mkali. Mimi mwenyewe nilitia saini mkataba mmoja Dar, nikafika hapa kwenye hospitali binafsi (jina nalihifadhi), nikawekewa mwingine mezani wenye mshahara pungufu. Kazi nilishaacha, nauli nilikopa. Ningefanya nini? Nikasaini. Kwa hiyo haya ninayoyasema si ya kusimuliwa.

Kwanza, hela ya wakala. Sheria ya kazi ya Qatar, namba 14 ya mwaka 2004, inamkataza mwenye leseni ya kuleta wafanyakazi kutoka nje kumtoza mfanyakazi ada ya kumtafutia kazi. Anayekudai dola 1,500 ili "akushughulikie" ameanza na wewe vibaya. Gharama halali zipo, lakini hizo unazilipa mwenyewe na risiti unapewa.

Pili, leseni. Hapa huwezi kushika kisu kwa sababu tu una digrii. Leseni inatolewa na idara ya taaluma za afya iliyo chini ya Wizara ya Afya ya Umma. Vyeti vinapita kwa DataFlow, ambao wanawauliza moja kwa moja chuo chako, mwajiri wako na baraza lako la madaktari. Shahada za ubingwa hazipimwi sawa kwa kila nchi, na miaka ya uzoefu inayodaiwa inatofautiana. Ulizia MMed yako au ubingwa wako wa COSECSA unahesabiwaje kabla hujaandika barua ya kuacha kazi.

Tatu, cheo. Hili mabingwa wetu wanalisahau kwa sababu macho yako kwenye mshahara. Nyumbani daktari mmoja wa upasuaji anafanya ngiri, utumbo uliojisokota, majeruhi wa bodaboda, na usiku anaitwa kwenye uzazi uliokwama. Huku kazi zimegawanywa vipande vipande. Ukiingia kwa cheo cha chini ya ubingwa wako, unaweza kushika vyuma na kuandika mafaili miaka mitatu huku mwingine anapasua. Mkono wa mpasuaji ukikaa bure unasahau. Uliza kwa maandishi: cheo gani, upasuaji gani nitaruhusiwa, nani juu yangu, zamu za usiku ngapi, bima ya makosa ya kitabibu analipa nani. Na daftari la upasuaji wako wote usiliache Bongo.

Nne, mshahara wenyewe. Ni kweli mshahara hapa haukatwi kodi ya mapato. Lakini angalia mshahara wa msingi, siyo jumla. Kwa sheria hiyo ya 2004, aliyemaliza mwaka anastahili kiinua mgongo kisichopungua wiki tatu za mshahara wa msingi kwa kila mwaka wa kazi. Tuseme ofa mbili zote ni riyali 30,000 kwa mwezi. Moja ina msingi wa 10,000, nyingine 20,000, zilizobaki ni posho. Kwa miaka mitano ya kwanza kiinua mgongo ni kama 35,000, ya pili 70,000. Na mjue sheria hiyo haiwagusi watumishi wa serikali na mashirika ya umma, wao wana kanuni zao. Uliza mwajiri wako yuko upande gani.

Tano, mlango wa kutokea. Zamani ulihitaji kibali cha mwajiri hata kusafiri kwenda kumzika mzazi. Kwa wengi kibali hicho kiliondolewa 2018, wengine wakaongezwa Januari 2020, na mwaka huohuo sheria ikaondoa ulazima wa ridhaa ya mwajiri kuhama kazi. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini muda wa notisi upo, usomwe.

Sasa nije kwa wenzetu wa nyumbani, maana najua kuna atakayesema "kaeni mjenge nchi". Kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017 Kenya ilikuwa na mgomo wa madaktari wa siku 100. Serikali yetu ikakubali kupeleka madaktari 500. Mahakama ya Kenya ikazuia, na Aprili Rais Magufuli akaagiza 258 waliokuwa wameomba waajiriwe hapohapo nyumbani. Jiulizeni: madaktari 258 walikuwa tayari, wagonjwa walikuwa wamejaa wodini, na ilibidi nchi jirani igome ndipo wakutane. Wapasuaji hawatukimbii kwa kukosa uzalendo.

Yule kaka yangu alimtumia wakala maswali yote haya. Wakala akakaa kimya hadi leo. Gari lipo. Lakini kaniuliza jambo ambalo sikuwa na jibu: "Dada, maswali hayohayo nikimpelekea mwajiri wangu wa sasa, atanijibu?" Cheo gani, vifaa gani, mtu wa usingizi yupo au hayupo, zamu ngapi, posho ya kuitwa usiku inalipwa lini.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Wizara itangaze nafasi za mabingwa kwa uwazi, hospitali kwa hospitali, na iseme kila hospitali ina nini. Mtu alinganishe Doha na Sumbawanga akiwa na karatasi mbili mkononi. Wengine tutaondoka bado. Wengine, naamini, watabaki, na yule mama mwenye uzazi uliokwama usiku wa manane atakuta mtu.

Naomba kuwasilisha.