Kesho Isiwe Kisingizio

Yako maneno mawili ambayo mwananchi mwenye shida ofisini ameyazoea kama salamu: "Njoo kesho." Hutamkwa kwa upole, wala hayana tusi ndani yake. Lakini kwa mjane aliyetoka Konde au Mkoani tangu alfajiri, akafika Madungu, mjini Chake Chake, kufuatilia mafao ya marehemu mumewe, maneno hayo ni nauli iliyopotea na siku ya kazi iliyokufa.

Aghalabu tabia ya kuahirisha kazi huitwa uvivu. Jina hilo halitoshi. Mtumishi anayeahirisha huweza kushughulika mchana kutwa na kazi ndogondogo zinazompendeza, huku ile moja nzito ikilala chini ya rundo. Mwaka 2013 wataalamu wa saikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl walieleza kwamba anayeahirisha hutafuta kuiepuka hisia mbaya inayoletwa na kazi: hofu ya kukosea, uchovu, au kutojua pa kuanzia. Hupata nafuu leo, na deni hulipwa na mtu wa kesho. Katika mambo ya nyumbani, mtu huyo wa kesho ni yeye mwenyewe. Katika utumishi wa umma, ni mtu mwingine kabisa.

Pemba haina haja ya kwenda mbali kutafuta funzo. Karafuu hazina budi kuchumwa kabla hazijachanua. Zikishachanua, thamani yake hushuka. Zikishachumwa, sharti zichambuliwe kutoka kwenye makonyo na kuanikwa juani bila kukawia. Zikiachwa kwenye rundo hupata joto, huvunda na kupauka. Ndiyo maana wakati wa msimu jamaa nzima hukaa usiku wakichambua. Si kwamba mkulima ana tabia njema kumshinda karani. Ni kwamba karafuu humtangazia mwenyewe hasara upesi, tena mfukoni mwake.

Jalada halinuki. Barua isiyojibiwa haipauki, wala madaftari yasiyosahihishwa hayavundi kabatini. Hasara ipo, ila imefichika: iko kwa mjane aliyekopa nauli, na kwa mwanafunzi anayerudia kosa lile lile kwa wiki tatu kwa kuwa hapana aliyemwonyesha.

Basi hatua ya kwanza ni kuifanya hasara hiyo ionekane. Kila barua iandikwe siku iliyopokelewa na siku iliyojibiwa, na mkuu wa ofisi aipitie orodha hiyo kila mwisho wa wiki. Mwananchi asiambiwe "kesho". Aambiwe tarehe, na aelezwe kinachosubiriwa.

Hatua ya pili ni ya mtumishi mwenyewe. Mwaka 1997 Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter walichapisha uchunguzi wao juu ya wanafunzi waliotakiwa kuandika ripoti wakati wa likizo ya Krismasi. Waliotaja mapema saa na mahali watakapoanzia walimaliza kwa wakati kwa kiasi cha mara mbili zaidi ya wenzao. Mwalimu wa skuli mwenye madaftari hamsini anayesema "nitasahihisha" bado hajapanga kitu. Anayesema "baada ya sala ya alasiri, kwenye meza hii, nitasahihisha kumi" amekwisha kuanza. Kazi kubwa hutisha ikiwa nzima. Ikikatwa vipande, hushikika.

Hata hivyo, si haki kuwatwisha wadogo mzigo wote. Fomu zikikosekana, au saini ikingojewa kutoka Unguja, karani hana la kufanya ila kumweleza mwananchi ukweli. Kadhalika, kiongozi anayekalia majalada huwafundisha walio chini yake kukalia yao. Na anayemkaripia mtumishi mbele ya watu kwa kosa dogo huzaa hofu, na hofu huzaa kuahirisha. Anayetaka kazi ziende hana budi kusahihisha makosa bila kufedhehesha.

Wapo watakaojitetea kwa methali kwamba haraka haraka haina baraka. Methali hiyo ni ya kweli, lakini haikutungwa kwa ajili yao. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na anayeungoja ana haki ya kuitwa mwenye subira, kwa kuwa amekwisha kuupanda. Asiyepanda hana anachokingoja.

Hapana ofisi wala skuli itakayomaliza kazi zote leo. Lakini kila mtumishi analo jalada moja, au rundo moja la madaftari, ambalo amekuwa akilikwepa, na analijua. Alitoe chini ya rundo na kulifungua asubuhi ya leo, kabla ya yale mepesi. Yuko mtu anayelisubiri.