KESHA LAKO LIKO WAPI?

Wikendi ya muziki wa kantri njia zote unazijua: unaanzia klabu ya mjini, unapanda 111 hadi Ngong Racecourse, unamalizia Westlands alfajiri. Nauli ipo, nguvu zipo. Lakini kesha la Ijumaa kanisani, saa sita tu unapiga miayo!

Usiniambie, "Pasta, hata Jim Reeves aliimba za kanisa." Kweli aliimba, na baba zetu walimpenda. Sigombani na gitaa wala kofia. Nagombana na hizo nguvu zinazokosa cha Mungu. Jumapili kiti chako kitupu, na watoto wako wamekuja na jirani.

Soma Waefeso 5:15-16, kisha unijibu: Ijumaa hii utakesha wapi?