Vita Vilichukua Wanaume, Havikutoa Ruhusa

Kuna usemi unaorudiwa makambini na malindoni kwamba katika Burundi wanawake ni wengi kuliko wanaume, na kwamba mwenye mshahara akifungua nyumba ya pili huwa anawasaidia waliokosa waume. Usemi huo tunaukataa, na tunawaomba ndugu zetu wa jeshi na wa polisi waupime pamoja nasi kwa hesabu na kwa sheria.

Ni kweli kwamba nchi yetu imepoteza wanaume wengi. Mauaji ya 1972 yaliwachukua wanaume hasa. Vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, viliua watu wapatao 300,000 na kuacha wajane kila upande. Hata hivyo, sensa ya 2008 ilihesabu wanawake 4,088,668 na wanaume 3,964,906, yaani wanaume 97 kwa kila wanawake 100. Hesabu hiyo haimgawii mtu yeyote mke wa pili.

Isitoshe, pengo hilo haliko sawa kila mahali. Katika mji wa Bujumbura sensa hiyo hiyo iliwakuta wanaume wakiwazidi wanawake, kwa kuwa vijana huteremka kutoka milimani kutafuta kazi. Basi askari anayesimama lindo Kiriri, kwenye milango ya wenye uwezo, hana haki ya kujitetea kwa wingi wa wanawake. Akiweka mwanamke wa pili mjini, hampunguzii mjane wa Cankuzo upweke wake. Anamwongezea upweke mke wake mwenyewe aliyebaki kijijini akilima na kulea.

Kwa maoni yetu, mjane haumizwi na uhaba wa waume kama anavyoumizwa na uhaba wa haki. Ardhi anayoilima hurithiwa kwa mila, na mila humtazama kwanza mtoto wa kiume. Shemeji wakimgeuka, hubaki bila shamba. Mwanamke wa nyumba ya pili yuko pabaya zaidi, maana Sheria ya Watu na Familia ya 28 Aprili 1993 humtambua mke mmoja tu. Kuanzia Desemba 2007 maelfu ya askari wetu walitumwa Somalia, na wako ambao hawakurudi. Afapo askari mwenye nyumba mbili, mwanamke wa pili hulia bila kutambuliwa, na watoto ambao baba hakuwaandikisha hawana karatasi ya kumtaja.

Mwaka 2017 serikali iliagiza watu walioishi pamoja bila ndoa wahalalishe ndoa zao. Agizo hilo lilikuwa la haki. Lakini anayemfukuza mwanamke pamoja na watoto wake, kisha akasema ametii sheria, ametii nusu tu. Watoto ni wake, na matunzo yao ni deni lake.

Kwa hiyo twasema hivi. Kila askari aandikishe ndoa yake katika ofisi ya tarafa, na kila mtoto wake bila kubagua. Wakuu wa vikosi nao wawape vijana wao likizo za kutosha kwenda nyumbani, maana ndoa iliyotenganishwa mwaka mzima hujaribiwa sana. Polisi, mjane akija kushitaki kwamba amepigwa au amenyang'anywa, asiambiwe kwamba hayo ni mambo ya ukoo; sheria ya 22 Septemba 2016 juu ya ukatili wa kijinsia yawataka mumsikilize na kumlinda. Na watunga sheria tunawaomba waandike sheria ya urithi itakayompa binti na mjane sehemu yao ya ardhi.

Wanaume waliokufa hatuwezi kuwarudisha. Wajane na mayatima waliowaacha twaweza kuwalinda, na aliyevaa sare ndiye aliyeapa kuwa wa kwanza katika kazi hiyo.