Vipimo Safi Havimponyi Mtu

"Ni mawazo tu. Jikaze." Hilo ndilo jibu analopewa mtu aliyeugua korona, homa na kikohozi vikaisha, lakini miezi inapita na kichwa bado hakijakaa sawa. Damu imepimwa, iko sawa. Picha ya kifua iko sawa. Basi ndugu, mwajiri na hata daktari wanakubaliana kwamba haumwi, anajiendekeza. Hukumu hiyo naipinga: haina msingi wa kitabibu, na inaumiza watu.

Mtazame mgonjwa mwenyewe. Mwalimu amesimama ubaoni, chaki mkononi, na hesabu aliyoifundisha miaka yote imemtoka katikati. Jioni anarudia ujumbe mmoja wa simu mara tatu ndipo auelewe. Usiku wa manane yu macho. Au amelala fofofo hadi asubuhi, akaamka amechoka kuliko alivyolala. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wanaosema ni mawazo watueleze haya. Mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha matokeo ya watu 785 waliopigwa picha za ubongo mara mbili. Kati yao, 401 waliambukizwa korona baada ya picha ya kwanza, na wengi hawakulazwa. Kwa wastani, ubongo wao ulisinyaa kidogo zaidi kuliko wa wenzao, na majaribio ya kufikiri yaliwachukua muda mrefu zaidi. Tofauti za namna hiyo huonekana kwa kulinganisha mamia ya watu. Vipimo vya kawaida vya mgonjwa mmoja havizinasi. Ndiyo maana majibu safi hayathibitishi kwamba mtu ni mzima.

Msongo wa mawazo upo, na hunyima watu usingizi. Lakini aliyekosa usingizi miezi mingi, akaanza kusahau kazi yake na kuitwa mvivu, atakosaje kuwa na mawazo? Sonona nayo ni ugonjwa wa kutibiwa, si sababu ya kumrudisha mtu nyumbani mikono mitupu. Na hilo "jikaze" lina hatari yake: wapo ambao juhudi ya siku moja, ya mwili au ya akili, huwalaza kitandani siku kadhaa.

Shirika la Afya Duniani liliupa ugonjwa huu unaobaki baada ya korona ufafanuzi rasmi Oktoba 2021, na matatizo ya kufikiri yametajwa humo. Kwa hiyo daktari aulize: uliugua korona lini, unalalaje, unakoroma na kukatika pumzi usingizini? Mwajiri apunguze saa za kazi kabla ya kuandika barua ya onyo. Nasi ndugu tuache kubeza, kwani mgonjwa asiyeaminiwa huacha kwenda hospitali, na huko ndiko upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi au tatizo la usingizi linalotibika lingegunduliwa.