Wabulgaria, Wahungaria na hilo neno "asilia"

Haya wadau, leo siongelei mkopo wala foleni ya kantini. Leo ni Wabulgaria. Msicheke.

Hapa hosteli kuna watu kila wakisikia muziki umechanganywa wanasema "hiyo si asilia tena". Nimechoka kubishana kwenye korido, bora niandike, humu hakuna wa kunikatiza.

Chukua kina mama wa vijiji vya upande wa Sofia. Wanaimba kwa sauti ya kifua, kali, kama wanaitana ng'ambo ya bonde. Mmoja anashika noti moja haendi popote, mwingine anatembea juu yake, na mara nyingi anatua kwenye noti ya jirani kabisa. Ukibonyeza noti mbili za jirani namna hiyo kwenye kinanda, mwalimu wa kwaya atakutazama vibaya. Kwao ndiyo utamu wenyewe! Mhungaria wa kijijini kwa asili anaimba sauti moja tu, na zile nyimbo zao za kale zinaanzia juu zikiteremka, nyingi zikiwa na noti tano.

Sasa Béla Bartók, Mhungaria, alianza kuzunguka vijijini na fonografu mwaka 1906. Akarekodi Wahungaria wenzake, Waslovakia, Waromania. Baadaye akasoma kazi za wasomi wa Kibulgaria kuhusu mapigo yao. Hesabu: moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu, rudia bila kupumua. Saba! Jaribu kupiga makofi hapo ulipo.

Basi jamaa akarudi kwenye rekodi zake za Romania, akasikiliza upya, akakuta nyingine zina mapigo ya namna hiyo hiyo, ila yeye alikuwa ameziandika kwa mapigo ya kawaida. Yaani mwanakijiji alikuwa sawa siku zote, sikio la msomi ndilo lilikuwa halijafunguka. Mimi mwalimu mtarajiwa hapo niliweka simu chini kwanza. Ni watoto wangapi darasani wanaambiwa "umetoka nje ya mapigo", kumbe mapigo wanayo, ila si yale ya mwalimu?

Na mkumbuke, mwaka 1920 Bartók alisemwa nchini kwake kwa kushughulikia muziki wa Waromania, eti si mzalendo. Mwaka 1942, akiwa Marekani na vita vinaendelea, akaandika kwamba muziki wa vijijini unatajirika kwa kuingiliana. Kipindi kile maneno hayo hayakuwa mchezo.

Tena hiyo "asilia" yenyewe tuiangalie. Zile kwaya za kina mama wa Kibulgaria zilizotikisa dunia kupitia rekodi ya Marcel Cellier ya 1975, iliyopewa jina la "siri" ya sauti za Kibulgaria, zilikuwa na watunzi waliosoma muziki, kina Filip Kutev, wakipanga nyimbo za kijijini kwa ajili ya jukwaa. Mimi jina hilo silipendi. Siri gani? Ni kazi ya watu, na watu wana majina.

Kwa Wahungaria, mkutano huo uliingia hadi kwenye mafunzo. Mikrokosmos ya Bartók, vipande 153 vya piano alivyomaliza 1939, vinaanza vyepesi kabisa vya mtoto na kuishia na ngoma sita za mapigo ya Kibulgaria. Mwenzake Zoltán Kodály alisisitiza mtoto aanze na nyimbo za kwao. Kwenye semina wengi tunaishia kwa Kodály, tunafunga daftari. Mimi nasema tuanze naye, sawa, lakini shule inayomwacha mtoto na nyimbo za kwao tu, bila kumfikisha kwa jirani, imemnyima nusu ya somo.

Wanaokwenda mazoezi ya kufundisha muhula huu, jaribuni ile saba darasani, kwa makofi tu, haina gharama. Halafu niambieni nani alishika haraka, nyie au watoto.